Tundu la wota pampu lilivyonifikisha Maji ya Chai

Elfu tano. Hiyo ndo hela niliyomuongezea fundi juu ya makubaliano, kama asante, kwa sababu alinimalizia tatizo la gari kuvuja maji ndani ya dakika kumi bila kufungua kitu chochote, nikatoka pale gereji naendesha huku napiga mluzi. Miezi miwili baadae nilikua nimekaa juu ya jiwe pale Maji ya Chai, boneti juu, watoto wanamenya machungwa, mama watoto haongei, na bloku ya injini, lile bonge la chuma lenye silinda, imeshaliwa kwa ndani.

Wengi mnaniuliza ile Morris iko wapi mbona haionekani mjini, sasa naandika hapa mara moja ili nisirudie stori kila nikienda kunywa chai.

Kwa wasioijua, ni Morris Minor 1000 ya mwaka 1965, ya marehemu mzee wangu, alikua karani kwenye mambo ya kahawa Moshi na akainunua mkononi kwa mtu. Ni kile kigari chenye mgongo wa mviringo kama kobe. Kilianza kutengenezwa Uingereza 1948, aliyekichora ni Alec Issigonis, yule yule aliyekuja kuchora Mini, na ndo gari la kwanza la Kiingereza kufikisha milioni moja. Huku kwetu zilikua nyingi, enzi za walimu na makarani na mapadri. Yetu ina injini ya 1098 cc, zile walizoanza kufunga 1962, bloku kasti (chuma cha kumimina) na hedi, yani kile kipande cha juu ya bloku, nayo kasti, hakuna aluminiamu ya kukupindia hapo. Ililala Kibosho kwenye banda pembeni ya migomba miaka kumi na kitu mpaka nilipoishusha Arusha, lakini stori ya kuifufua iache, ni ndefu na nusu yake ni matusi.

Tuelewane kwanza kitu kimoja kuhusu wota pampu yake, ile inayozungusha maji ya kupoza injini, maana ndo kiini cha msiba wangu. Gari nyingi za siku hizi ukinunua wota pampu unapewa kitu kamili, nyumba yake na kila kitu, unafunga unaondoka. Kwenye hizi injini za A-Series (Mini na Austin za zamani ni hizi hizi) unachonunua dukani ni kama nusu ya pampu. Kuna bodi lenye beringi na shafti na sili, mbele inakaa puli na feni, nyuma impela, yani yale mapanga yanayosukuma maji, inaning'inia uchi, na nusu ya pili ya pampu ni shimo lililomo kwenye bloku yenyewe. Yani impela inazunguka ndani ya bloku. Nafasi kati ya mapanga yake na ukuta wa bloku ni ndogo na inatakiwa iwe ndogo, ikiwa kubwa maji yanazunguka tu hapo hapo badala ya kusukumwa mbele, inakua kama kuchota uji kwa uma. Kwa hiyo pampu ikianza kuyumba, wa kwanza kukwanguliwa ni bloku, na bloku haiuzwi kwenye duka la spea la hapa.

Sasa kati ya maji na beringi kuna sili. Sili ni kitu cha kuisha, haijawahi kutengenezwa sili ya milele, na waliochora pampu walijua, ndo maana wakaacha tundu dogo chini ya bodi, katikati ya sili na beringi. Kazi ya hilo tundu ni moja, sili ikichoka maji yadondoke chini yasiende kuogelea kwenye beringi. Ukiona tone asubuhi chini ya pua ya gari umeshapewa taarifa, pampu inaisha, anza kutafuta nyingine taratibu, una wiki kadhaa, pengine miezi.

Fundi wangu (simtaji, na ana wateja wengi tu) aliona tone akaamua mgonjwa ni tundu. Akafuta, akapiga msasa kidogo, akachanganya ile gundi ya mirija miwili, akaziba. Tone likaisha siku hiyo hiyo! Tumeimbiwa tangu darasa la pili kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, basi mi nimeziba na ukuta nimejenga.

Kilichofuata ndani sikukiona ila naweza kukielezea maana nilikuja kukikuta. Maji yaliyokua yanatokea chini yakakosa mlango, yakajisukuma kwenye beringi, yakaosha grisi, gololi zikaanza kushika kutu, na beringi yenye kutu inajisaga yenyewe kama kinu chenye mchanga. Shafti ikaanza kucheza. Asubuhi ukiwasha unasikia sauti kama panya amebanwa na mlango, dakika mbili tatu halafu inapotea. Nikauliza watu, kila mtu akasema mkanda wa feni, na mi pia nikasema mkanda, kwa sababu mkanda ni elfu chache na pampu inatoka ng'ambo, moyo unapenda jibu la bei rahisi. Nikalegeza dainamo, ile inayochaji betri, nikaingiza kipande cha nondo nikaegemea kwa nguvu zote nikakaza. Sauti ikapungua. Nilifurahi, wajinga ndo waliwao.

Kwenye Morris mkanda mmoja unazungusha dainamo na pampu. Ukiukaza kupita kiasi unavuta shafti ya pampu upande mmoja masaa yote, yani beringi ambayo tayari inakufa nikaifunga mzigo mgongoni. Siku hizi nabonyeza katikati kwa kidole gumba, ukiingia kama sentimita moja na nusu inatosha. Na kuna kipimo ambacho hakihitaji hata spana, zima injini, shika mapanga ya feni mikono miwili, upande huu na huu, tikisa mbele nyuma. Ukisikia mchezo wowote, hata wa unywele, hiyo pampu imeshaaga. Sikuwahi kufanya. Miezi miwili nafungua boneti kuangalia oili na sikuwahi kushika feni hata siku moja.

Basi ikafika Desemba. Desemba mnaijua, barabara ya Moshi yote ni Wachagga tunaenda kuhesabiwa. Tarehe 23, saa nne asubuhi, tuko watano ndani na begi juu ya keria na kreti la soda la bibi. Morris haina geji ya temperecha, ilitoka kiwandani hivyo, ina spidi na mafuta na vitaa viwili vitatu vya onyo, kwa hiyo injini ikichemka unajua kwa pua na masikio. Tulipopita Usa River kile kitaa chekundu cha chaji kikaanza kuwaka hafifu, kinazima, kinawaka. Nikajisemea kaboni za dainamo hizo, nitabadilisha Moshi.

Hapa naomba mtu mwenye gari ya zamani asome taratibu. Kitaa cha chaji kikiwaka halafu injini ikaanza kupata joto kwa pamoja, usifikirie umeme. Vitu hivyo viwili vinakutana sehemu moja tu, kwenye mkanda. Mkanda unateleza kwa sababu kuna kitu kinakataa kuzunguka, na kilichokua kinakataa ni pampu. Ningesimama pale pale Usa River pengine leo ningekua nimenunua pampu tu.

Sikusimama. Harufu ikaja, kama sufuria ya maharage iliyoungua chini, halafu kelele ya chuma, krrr krrr, kama mashine inasaga mahindi yenye kokoto, halafu mvuke. Tukaegesha Maji ya Chai. Siwatanii, ndo jina la mahali, na kilichokua kinamwagika kwenye rejeta yangu kilikua rangi ya chai kavu kabisa, yale maji ya kutu. Chalii mmoja wa bodaboda akaja akachungulia akaniambia, "Mzee, sisi hapa maji ya chai tunayo, ungebaki na yako." Nilicheka baada ya wiki mbili.

Mwingine mwenye roho nzuri alishafika mbio na dumu la lita 20 la maji ya baridi, anataka amwagie juu ya injini ipoe. Nilipiga kelele mpaka mtoto mdogo akaanza kulia. Kasti iliyochemka ukiimwagia maji baridi inajikunja sehemu moja wakati sehemu nyingine bado imetanuka, inapasuka kama glasi ya chai ukiisuuza na maji ya friji, na bloku ikipasuka hapo umebaki na kigingi cha kufungia mbuzi. Mfuniko wa rejeta pia usiguse. Tulikaa karibu saa nzima mpaka nikaweza kuweka mkono juu ya hedi, ndo nikafungua mfuniko na kitambaa, taratibu, uso nimegeuza pembeni.

Familia ikapanda Coaster ikaendelea na safari na kreti la soda. Mi nikavutwa na Canter mpaka Arusha, kamba ya katani, mguu uko kwenye breki njia nzima.

Baada ya sikukuu nikaipeleka Unga Limited kwa mzee mmoja anayejua hizi gari tangu zikiwa mpya. Shikamoo mzee, marahaba, akaizunguka mara moja, akapiga bodi kofi kama anampiga ng'ombe. Akainama chini, akapapasa pampu kwa kidole, akanyamaza. Halafu akauliza, "Nani aliziba hapa?" Nikamwambia fundi. Akasema, "Na wewe ulikua wapi?" Sikuwa na jibu na mpaka leo sina.

Rejeta ikatoka, mapanga ya feni yalishaikwaruza lakini bahati yamekata mirija michache tu, inalehemeka. Pampu imefungwa na bolti nne, tatu zikatoka, ya nne ikakatikia ndani ya bloku maana kutu ilishaishika. Ile pia ni hasara ya maji mabovu, bolti inapita karibu na maji na ikiota kutu inanenepa kwenye uzi wake. Mzee hakuchukua drili wala juba. Akaweka nati juu ya kipande kilichobaki, akalehemu kwa katikati ya nati, akasubiri ipoe kidogo, akaweka spana na ikatoka kama inatoka kwenye siagi. Anasema ule moto wa kulehemu ndo unaoachanisha kutu, na chuma cha elektrodi ya kawaida hakishiki vizuri kwenye kasti kwa hiyo huogopi kuilehemu bolti na bloku pamoja. Ningekua peke yangu ningeshatoboa pembeni.

Pampu ilipotoka shafti ilikua inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Mapanga ya impela upande mmoja yamekua membamba, na ndani ya bloku kuna kovu, mwezi mchanga kabisa, sehemu ya ndani zaidi kama milimita mbili. Kitu kilichonishangaza ni kwamba kovu halikua upande wa dainamo ambako mkanda unavutia, lilikua upande wa pili, kule juu. Mzee akachukua penseli akaishika katikati kwa vidole viwili, akavuta kichwa chake kuja huku, mkia ukaenda kule. "Beringi ndo vidole vyangu," akasema. Mkanda unavuta puli upande huu, beringi iko katikati imelegea, basi impela kule nyuma inaenda kinyume. Yani kila robo raundi niliyoongeza kwa ile nondo nilikua naisukuma impela ikale bloku. Nimesoma mambo mengi kuhusu haya magari, hilo sikuwahi kuliona limeandikwa, nimelipata kwenye penseli.

Kulikua na kitu kingine pia, vishimo vidogo vidogo kwenye mapanga na kwenye ukuta wa bloku, kama uso uliougua tetekuwanga, na vilikua vya zamani kuliko kovu. Mzee akasema hiyo sio ya kukwanguana, hiyo ni maji yamekula. Nikafikiri ni kutu tu, kumbe kutu ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni mapovu. Upande ambao pampu inavuta maji presha inashuka, ikishuka sana na maji yakiwa ya moto yanachemka hapo hapo kwenye impela hata kama kwenye rejeta bado yametulia, yanatoa mapovu madogo, mapovu yakisogea sehemu yenye presha yanajifunga kwa kishindo, na kila kishindo kinadonoa chuma. Mara moja sio kitu. Mara mamilioni ni tetekuwanga.

Na sisi wa huku juu tunaumia zaidi, hili watu hawalifikirii. Maji yanachemka nyuzi 100 ukiwa Tanga ufukweni. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, maji yanachemka nyuzi 95 hivi, Moshi mjini mko chini kidogo kwa hiyo mnapata 97, na ukipanda mpaka ukingo wa Ngorongoro ni kama 92. Ndo maana maharage ya huku yanachelewa kuiva, bibi zetu wamejua siku zote. Kinachotuokoa ni mfuniko wa rejeta. Wa Morris yangu ni wa psi 7 (pauni 7 kwa inchi ya mraba), presha ndogo tu ukilinganisha na gari za leo, lakini ukishika vizuri hapa Arusha unapeleka kuchemka mpaka zaidi ya nyuzi 105. Mfuniko wangu? Mpira ulishakua mgumu kama kisigino na springi imelala. Haukua unashika presha yoyote, ulikua kofia tu. Kwa hiyo miaka yote niliyoendesha, kila nikipanda mlima injini ilikua inafika nyuzi chache tu chini ya kuchemka na pampu inatafuna mapovu. Kitu cha bei ya kilo mbili za nyama.

Halafu tukafungua koki ya nyuma ya bloku, ile ya kumwagia maji. Haikutoka hata tone, na bloku imejaa! Mzee akachokoa na waya wa baiskeli, ikatoka tope. Tope jekundu la kutu, zito kama la kufinyangia, ndo lilikua limekaa kuzunguka silinda ya nne kule nyuma ambako maji yanaenda polepole. Tulisafisha na mpira wa maji siku nzima, tunapiga kutoka juu tunapiga kutoka chini, mpaka maji yakaanza kutoka meupe. Chenga za chuma cha impela nazo zilikua humo humo. Hedi tulitoa pia, tukaipima kwa rula ya chuma na fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi), haikua imepinda, kasti imevumilia, ningekua na hedi ya aluminiamu tungekua tunaongea lugha nyingine. Gasketi tukaweka mpya.

Sasa bloku tuifanyeje. Kijana mmoja pale pale gereji akataka kulehemu hilo kovu. Mzee akamwambia lehemu ya mama yako. Kasti inakubali kulehemiwa ila sio kienyeji, unatakiwa upashe bloku nzima moto kwanza, utumie elektrodi za nikeli, halafu uifukie kwenye majivu au mchanga ipoe polepole, usiku mzima, ukikosea hatua moja unasikia tii! na ufa umetokea pembeni ya ulipolehemu, na kwa kovu tu lisilotoboka huo ni mchezo wa kamari. Wazo la pili lilikua kutafuta bloku nyingine. Nikapata habari ya Morris iko Machame kwa meku mmoja (mzee wa Kichagga), nikaenda, nikakuta kweli iko, kuku wanataga kwenye siti ya nyuma, na injini imeshikana hata kwa bomba la mita mbili haigeuki. Yule meku alitaja bei nikajua na yeye anasoma intaneti. Nikanunua mayai nikarudi.

Tukaishia kwenye gundi, na najua inachekesha, gundi ndo ilinifikisha hapa. Lakini hii ni ile yenye unga wa chuma ndani, ya kujazia vyuma, na kilichochukua muda ni usafi. Mzee alisugua kovu na brashi ya waya mpaka likang'aa, akaosha na tina mara tatu, akachanja chanja kwa msumari ili gundi ipate pa kushika, akapasha sehemu ile na moto wa mbali maji yote yakauke, ndo akajaza, akajaza zaidi ya inavyotakiwa, tukaiacha siku mbili. Halafu kuchonga. Ile pampu mpya ilishafika kutoka Uingereza, ilikaa wiki tatu njiani. Tukapaka mapanga ya impela lipstiki ya mama watoto (alikua hajui, sasa anajua), tunaingiza pampu, tunazungusha kwa mkono, tunatoa, palipobaki rangi nyekundu ndo panapogusa, piga tupa kidogo, rudia. Nadhani tulirudia mara ishirini. Tulisimama pale impela ilipozunguka bila kugusa na kadi ya benki ikapita kwenye nafasi kwa shida. Sio kipimo cha kiwanda, ni kadi ya benki, lakini maji yanasukumwa.

Kuhusu kununua hizo pampu, linganisha na ya zamani kabla hujafunga. A-Series zimetengenezwa miaka mingi sana, kuna pampu za impela kubwa na za impela ndogo, ukifunga kubwa kwenye bloku ya shimo dogo inasaga bloku siku ya kwanza, na hiyo hata tundu huwezi kulilaumu. Pia za mwanzo kabisa zina kiskrubu cha kuwekea oili ya beringi, kidogo tu, usisukume kwa presha maana unaitoa sili. Mpya hazina, zimefungwa moja kwa moja.

Maji sasa. Mi nilikua naweka ya bomba. Maji ya Arusha meno yetu yanayajua, floraidi ya Meru hiyo imeshatuandika wengi vinywani, na ukichemsha birika miezi sita unaona ule ukoko mweupe chini, basi fikiria ukoko huo uko kwenye injini. Na kila unapoongeza maji mapya kwa sababu kuna mahali panavuja, unaongeza chumvi mpya na oksijeni mpya, kutu inapata chakula kipya. Nilikua naongeza nusu lita kila wiki nikiona ni kawaida ya gari ya zamani.

Kulanti, ile dawa ya rangi ya kuchanganya na maji ya rejeta, watu wa huku wanaidharau, wanakwambia ni ya nchi za barafu, huku barafu labda uipande Kilimanjaro. Barafu mi sina shida nayo. Ndani ya kulanti kuna dawa ya kuzuia kutu, hiyo ndo ninayoinunua. Injini yangu inachukua lita 5 hivi, naweka lita moja na nusu ya kulanti na iliyobaki ni maji ya betri, yale yaliyosafishwa jamani SIO ASIDI, maana kwenye maduka yetu vyote vinaitwa maji ya betri na vyote viko kwenye chupa inayofanana. Mvua safi ya kukinga sio mbaya pia ukikosa. Kulanti nimechagua ile ya aina ya kizamani, wenye magari ya zamani wengi wanaikwepa hii mipya ya maisha marefu kwa ajili ya sili za zamani na risasi iliyolehemu rejeta ya shaba, na usiangalie rangi, soma lebo, rangi kila kiwanda kinapaka inayoitaka. Kila miaka miwili unamwaga yote. Thamostati pia, ile vali inayozuia maji mpaka injini ipate moto, nimerudisha, ya nyuzi 82, kuna mtu zamani alishaitoa eti gari ipoe, injini ikawa inatembea baridi inakunywa mafuta na kujisaga bure.

Geji ya temperecha nimefunga, nimetoboa dashibodi ya mzee na nimeumia moyoni, lakini nimetoboa. Jumla ya hesabu siandiki, mama watoto anasoma hapa.

Sasa kila Jumamosi kabla sijaiwasha nashika feni natikisa, halafu nachukua tishu nafuta chini ya tundu. Mpaka leo kavu. Kuna bolti moja ya pampu, ile iliyokatika, asubuhi injini ikiwa baridi inatoa jasho kidogo, ikipata moto inakauka. Mzee amesema tuiangalie mwezi.

Wiki iliyopita niko kwenye foleni Sakina, yule fundi wa kwanza akaniona akavuka barabara mbio kuja kunisalimia, amefurahi kweli kuiona Morris iko barabarani, akainama akaangalia chini mbele, akauliza, "Bro, ile pampu ilikaa?"

Foleni ikasogea. Nikamwambia ilikaa.